Nani anamsemea mtoto acheze?

Najua huu ni msimu mbaya wa kuongea na mwanafunzi yeyote. Wa kudesa wanadesa, wa kusali wanasali, na wale ambao bumu liliwaishia mapema wanafanya yote mawili huku tumbo likinguruma. Poleni. Ila baada ya mitihani kila mtu atapanda basi lake kurudi kwao. Mimi nitaelekea Mara, kule Natta wilayani Serengeti, vumbi na mashimo na kila kitu. Kwa hiyo naomba tuongee jambo moja kabla hatujafungasha mabegi.

Juzi kulikuwa na ubishi mkali kwenye kimbweta kimoja hapa chuo. Jamaa mmoja wa hapahapa Dar alikuwa anasema watoto wa vijijini wanateswa, eti mtoto wa darasa la nne anachunga ng'ombe, huo ni utumwa. Mwingine wa Kanda ya Ziwa mwenzangu akaja juu: "Sisi tulichunga, tulilima, tulisoma, na leo tuko hapa na ninyi. Kazi ndiyo iliyotukuza." Mpaka jua linazama wanabishana kazi na shule, shule na kazi.

Niliwasikiliza wote, nikaona wamesahau kitu kilekile. Hakuna aliyetamka neno mchezo. Na hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Utoto una mambo matatu, kazi, shule na mchezo. Kazi ina msemaji wake, ni baba na mama. Shule ina msemaji wake, ni mwalimu, na nyuma yake kuna serikali nzima. Mchezo hauna msemaji. Ndiyo maana saa zikipungua, wa kwanza kukatwa ni mchezo, na wa kwanza kukatiwa ni mtoto wa kike.

Tuanze na kazi, manake najua hapo wengi mnanisubiri. Mimi sio mtu wa kulaani kazi za watoto zote kwa mkupuo. Kwetu watu wanalima mahindi, mtama, mihogo na pamba, na wanafuga. Familia haiwezi kuajiri mtu. Mikono iliyopo ndiyo hiyohiyo, mikubwa na midogo. Mtoto akienda kuchunga mbuzi Jumamosi anajifunza kuhesabu bila chaki, anajua majani gani yanaliwa na yapi yana sumu, anajua mvua inatokea upande gani. Hiyo nayo ni elimu, usipoiona ni kwa sababu haina cheti.

Halafu kuchunga kulikuwa na siri yake. Ukiwaza vizuri, porini ndiko ulikokuwa uwanja wetu. Mbuzi wakishatulia, watu wanafinyanga ng'ombe wa udongo, wengine wanachimba mashimo ya bao ardhini, wengine wanalenga na manati, wengine wameshaingia mtoni. Mpira wa matambara hauna refa, kwa hiyo kila goli lina kesi yake. Mzee akikutuma machungani hakukutuma kucheza, lakini alijua unacheza, na wewe ulijua kwamba anajua. Mambo yakawa yanakwenda. Kazi na mchezo vilikaa kwenye saa zilezile bila kugombana, almuradi mbuzi wasiingie shamba la mtu.

Sasa jiulize, kazi za mtoto wa kike zikoje? Huwezi kucheza na ndoo ya lita 20 kichwani. Huwezi kuruka kamba huku unakoroga ugali. Kazi za wavulana zilikuwa na nafasi katikati, za wasichana zimebanana toka alfajiri mpaka usiku, tena zinafanyikia nyumbani, mbele ya macho ya watu wazima. Akitulia dakika tano anaitwa. Hadithi ya asili ya Wanatta tuliyosimuliwa na wazee inasema mwanzo kulikuwa na mwanaume mwindaji na mwanamke mkulima. Naipenda sana hadithi hiyo, ila nikiifikiria naona kwamba toka siku ya kwanza kabisa, mmoja alikuwa anatembea na mwenzake anainama.

Nina mdogo wangu wa mwisho, yuko darasa la saba, mwaka huu mwezi wa tisa anakaa mtihani wa taifa. Nilimpigia simu nikamuuliza siku yake inakwendaje, tukaandika pamoja kama ratiba. Anaamka saa 11 alfajiri, anafagia, anafuata maji. Saa 1 asubuhi yuko shule na kidumu chake mkononi, maji ya kumwagilia na ya usafi. Masomo, halafu masomo ya ziada ya darasa la saba mpaka saa 10 jioni. Saa 11 yuko nyumbani, maji tena, kuni, jiko. Wanakula saa 2 usiku, anaosha vyombo, saa 3 anafungua daftari kwenye taa ya sola. Saa 4 usingizi umemshinda. Nikamuuliza, sasa rede mnacheza saa ngapi? Akacheka. Akasema, "Kaka, sisi tumeshakua, siku hizi hatuchezi."

Ana miaka 13, jamani.

Kaka yake anayemfuata, wa kidato cha kwanza, nilimuuliza swali hilohilo. Yeye anacheza chandimu kila siku jioni na Jumapili yote. Na wala sio mvivu, Jumamosi anachunga kutwa. Nyumba moja, chungu kimoja, wazazi walewale wanaowapenda wote. Ila mmoja bado ni mtoto na mwingine ameshaambiwa amekua. Wala hakuna aliyemwambia kwa mdomo. Saa zake tu ziliisha.

Msije mkadhani haya ni mawazo ya kizungu niliyookota maktaba. Kama kuna mkoa nchi hii umefikiri sana kuhusu kazi na shule ni Mara yetu. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichunga mbuzi wa baba yake na hakuingia darasani mpaka 1934, akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Alianza kwa kuchelewa, akawapita waliotangulia. Ndiye huyohuyo aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kila shule iwe na shamba, ili msomi asije akaona jembe ni adhabu. Na ni Musoma hapohapo, Novemba 1974, chama kilipopitisha Azimio la Musoma: elimu ya msingi kwa watoto wote iharakishwe mpaka kufikia 1977, na wanaomaliza kidato cha sita wakafanye kazi kwanza kabla ya kuja chuo. Kwa hiyo kazi na shule zimejadiliwa kwetu mpaka zikaandikiwa maazimio.

Mchezo je? Azimio la mchezo sijaliona. Na cha ajabu, Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa bao kwelikweli, alicheza mpaka uzeeni akiwa amestaafu Butiama. Kiongozi wa nchi alipata muda wa kukaa chini na kete, sisi tunaona mtoto wa miaka 13 akiruka kamba anapoteza muda.

Tena tukiwa wakweli, hata ile nia njema ya shamba la shule kuna mahali ilichakaa. Kuna shule niliyopita mimi, jina nitalihifadhi, kipindi cha kujitegemea kilikuwa ni kulima shamba la mtu mzima fulani, na mahindi yakikauka hatuyaoni tena. Kwenye ratiba tulikuwa na somo linaitwa Haiba na Michezo, mnalikumbuka? Limeandikwa vizuri kabisa ukutani. Mara nyingi kipindi chake kilitumika kumalizia Hesabu, na ikibaki nafasi tunakwenda kufyeka nyasi. Sikumbuki hata siku moja Hesabu ikakatwa ili tumalizie mchezo. Mnaona sasa ninachosema? Hata pale ulipopewa kipindi chake rasmi, mchezo haukuwa na wa kuutetea.

Watu wa sheria mliopo hapa mtanisahihisha, ila nimeisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema umri wa chini wa mtoto kuajiriwa ni miaka 14, na kazi yenyewe iwe nyepesi, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Halafu kwenye wajibu wa mzazi, kucheza na kupumzika kumewekwa kwenye orodha moja na chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu. Orodha moja! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia 1991, nao una kifungu chake cha 31 kinachosema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza.

Sasa ichukue hiyo sheria ipeleke Natta. Sisi ni majirani wa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, na ng'ambo ni hifadhi yenyewe ya Serengeti. Tembo hasomi sheria. Akija shambani anakuja usiku, na chakula cha mwaka mzima kinaweza kwisha kabla hakujakucha. Familia inakwenda kulinda, inapiga madebe, inawasha moto, na kama watu wazima hawatoshi, vijana wadogo nao wanakesha. Asubuhi mwalimu anaona mtoto anasinzia, anamsimamisha. Hapo utamlaumu nani? Baba anayelinda mahindi? Mwalimu anayetaka watoto wafaulu? Kila mmoja ana haki yake. Ndio maana sipendi zile makala za kuwatukana wazazi wetu. Wengi wao hawana roho mbaya, wana upungufu wa mikono.

Lakini kuna hoja tatu nazisikia kila siku na hizo sitaziacha zipite hivihivi.

Ya kwanza ni ile ya jamaa yangu wa kimbweta: "Mbona sisi tulipita hukohuko na tumefika chuo?" Sawa, tumefika. Ila tuliofika ndio tunaoongea. Hebu kumbuka darasa lako la kwanza, mlikaa wangapi kwenye dawati moja? Wako wapi? Mimi nikihesabu wale niliosimama nao mstarini, waliofika chuo kikuu vidole vya mkono mmoja vinatosha na vingine vinabaki. Wasichana waliokuwa wananishinda darasani, wengine leo wana watoto wawili. Wao hawana kimbweta cha kuja kubishia. Kwa hiyo tusichukue bahati yetu tukaifanya kanuni.

Ya pili ni ya wazee: samaki mkunje angali mbichi. Naikubali methali hiyo kwa mikono miwili. Ila kukunja na kuvunja ni vitu viwili tofauti, na mwenye kukunja ndiye anayetakiwa kuusikia mfupa.

Ya tatu inasema mchezo ni anasa, utaharibu masomo, kwanza haumpeleki mtu popote. Hapa watu huwa wanakimbilia kumtaja Mbwana Samatta, kwamba alianzia mpira wa mtaani Mbagala, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Ni kweli na tunajivuna. Ila mimi sitaki kuutetea mchezo kwa Samatta. Ukisema mtoto acheze kwa sababu huenda atakuwa tajiri, umeshaugeuza mchezo kuwa kazi nyingine. Mtoto acheze kwa sababu ni mtoto. Basi. Na kama lazima utafute faida, tazama chandimu: watoto 14, hakuna refa, hakuna jezi, na mpira unaisha bila mtu kuuawa. Wamegawana timu, wametunga sheria, wamegombana, wamesameheana. Kuna vikao vya wakubwa vinashindwa hapo.

Nisije nikaonekana natetea kijiji tu, au nakisema kijiji tu. Hapa Dar mambo ni tofauti lakini mwisho wake ni uleule. Mtoto hafuati maji wala hachungi, ila saa 11 alfajiri yuko barabarani anasubiri basi la shule, anasinzia mpaka darasani. Jioni ana masomo ya ziada, Jumamosi masomo ya ziada, akirudi nyumbani geti limefungwa na kiwanja alichochezea baba yake kimeshajengwa fremu za maduka. Wa Natta mchezo wake umeliwa na kazi, wa Dar umeliwa na shule. Yule jamaa aliyesema watoto wa kijijini ni watumwa, nilitamani nimuulize mdogo wake mwenyewe alicheza lini mara ya mwisho.

Na sisi wenyewe tujitazame kidogo. Hapa chuo tunaongea sana kuhusu kubalansi kitabu, vibarua na starehe. Mwenzetu anauza nguo chumbani, mwingine anafundisha watoto wa watu jioni, mwingine ana kibanda cha uwakala wa pesa za simu, na wote wana mitihani. Safi sana, maisha ni kupambana. Ila ukija kwenye starehe, tunajua nini? Kuweka mikeka, kuangalia mpira wa watu wengine, na kulala. Tumesahau kucheza, yaani kile kitu unachofanya bila kutegemea chochote. Bao tu kwenye kimbweta linatushinda. Mimi nafikiri hili ni deni la zamani, lakini hiyo ni nadharia yangu, msiniombe ushahidi.

Kuna mzee mmoja Mkenya, Kimani Maruge. Enzi za utoto wake hakupata shule, akapigana Mau Mau, na serikali ya Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, yeye mwaka 2004 akaenda kuandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84. Akavaa kaptula na soksi, akakaa na watoto. Alifariki 2009 lakini dunia nzima ilimjua. Kila mtu anamtumia kusema elimu haina mwisho, na kweli haina. Mimi namtumia kusema jambo lingine. Shule unaweza kuirudia hata na miaka 84. Kazi ndiyo kabisa, itakusubiri mpaka kaburini. Lakini hakuna mahali popote pa kuandikishwa upya utoto. Katika yale mambo matatu, ni moja tu ambalo ukilikosa kwa wakati wake halirudi, na ndilo tunalolikata la kwanza.

Sasa tufanyeje? Sina mpango wa taifa. Nina mpango wa likizo.

Mnajua jinsi msomi anavyopokelewa kijijini. Anafika na begi lake, anatandikiwa kitanda, kuku anakimbizwa. Maji ya kuoga anapelekewa bafuni. Shuka zake zinafuliwa. Wageni wanakuja kumsalimia na kila mgeni anataka chai. Na nani anayafanya yote hayo? Sio mama peke yake. Ni yuleyule wa darasa la saba. Ile ratiba niliyowaandikia hapo juu, mimi nikifika kama mgeni inaongezeka saa nyingine mbili, na mtihani wake uko mlangoni. Yaani kurudi kwa msomi kunamnyima mtoto kusoma, na kucheza ndiyo hata tusiulize.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila mmoja wetu akifika kwao achukue saa moja ya kazi ya mtoto mmoja, kila siku, mpaka likizo iishe. Saa moja tu. Ndoo mbili za jioni, au vyombo vya usiku, au kuchuma pamba ile sehemu aliyopangiwa yeye. Wanaume wenzangu wa Mara, najua mnachowaza. Ndiyo, watu watasema. Watasema chuo kimekuharibu, kidume mzima unabeba ndoo kichwani. Waache waseme. Bega halina jinsia, na kama kichwani unaona noma, baiskeli ipo.

Ila kuna sharti, na hili ndilo gumu kuliko ndoo. Saa hiyo ukishamnunulia, usimpangie matumizi. Usimwambie "haya sasa nenda kasome". Kusoma kuna wasemaji wengi tayari, na mwalimu wake yupo kazini. Mwambie hiyo ni yako. Akitaka kulala alale. Akitaka kukaa chini ya mti na wenzake wacheke bila sababu, wacheke. Na mzazi akiuliza mbona huyu hana kazi, wewe ndiye unayejibu. Manake kwetu neno la aliyesoma linasikilizwa, wakati mwingine hata kuliko inavyostahili. Kwa mara moja litumike kumsemea asiyesikilizwa.

Hoja iko mezani wadau, mwenye kupinga apinge kwa hoja. Ila apinge baada ya kumpigia simu mdogo wake na kumuuliza, leo umecheza saa ngapi?

Mitihani mema. Tupo pamoja.